Kutetea uhai: msaada uanze lini, uishe lini?

Hoja ya msingi ya watetezi wa uhai, yaani wanaopinga utoaji mimba, ni kwamba mimba ikishatungwa tayari pana binadamu, na ufukara wa mama haumpunguzii haki. Mtoto wa miaka miwili hauawi kwa sababu nyumbani hakuna chakula. Basi na aliye tumboni vivyo hivyo. Hoja imeshikamana, ila inamwachia deni anayeitoa. Ukisema huyo ni mtoto, umekiri kwamba anahitaji lishe, kliniki na mahali pa kulala kuanzia leo, si siku atakapozaliwa.

Misaada mingi hukwama hapo. Mwanamke hugundua ana mimba wiki ya tano au ya sita, na mara nyingi huamua kuibeba au kuitoa ndani ya wiki chache, huku kodi ya nyumba inadaiwa na kazi iko mashakani. Posho ya mtoto kwa kawaida hudai cheti cha kuzaliwa. Hata ikiwa nono, siku ya uamuzi haikuwapo. Nepi na nguo za kichanga huchangishwa kwa urahisi. Kodi ya miezi mitatu, au kumsimamia asifukuzwe kazi, ni wachache wanaothubutu.

Tazama Polandi. Mwaka 2016 ilitunga sheria ya kuipa familia zloti 4,000, mara moja tu, anapozaliwa mtoto mwenye ulemavu mkubwa uliotokana na ujauzito au uzazi. Mwaka 2020 Mahakama ya Katiba ikaondoa kasoro kubwa za kijusi kwenye sababu halali za kutoa mimba. Mtoto huyo huweza kuhitaji mazoezi ya viungo kwa miaka, na mzazi mmoja kuacha kazi. Malipo ya siku moja hayabebi mzigo huo.

Romania ilipiga marufuku karibu kila utoaji mimba mwaka 1966. Mwaka uliofuata vizazi viliongezeka karibu maradufu, kisha wanawake wakakimbilia njia za kificho. Vifo vya uzazi vilipanda mno hadi marufuku ilipofutwa mwishoni mwa 1989. Ni haki kusema Ceaușescu, dikteta wa Romania wakati huo, alitaka idadi ya watu, si uhai wao. Hata hivyo, somo kuhusu marufuku isiyo na msaada linabaki.

Wanaotetea haki ya kuchagua wana hoja ambayo fedha haiifuti: mwenye nazo pia anaweza kukataa kubeba mimba, hasa ya kubakwa, na mwili ni wake. Mimi naona uhai wa mtoto una uzito zaidi, lakini wanapoonya kuhusu kumshinikiza mwanamke mwenye shida wanasema kweli. Kituo cha kusaidia wajawazito kisichotoa rufaa ya kutoa mimba kiseme hivyo mapema, kitaje umri wa mimba kwa usahihi, na kimsaidie hata ambaye hajaamua. Mama anayejua msaada utakatwa mimba ikitoka anaweza kuficha damu inayomtoka, akachelewa hospitali.