Kioo cheusi kwenye nchi ya kijani: je, kichujio cha infraredi kinafaa Uganda?

Saa sita na nusu mchana, Masese, ufukweni mwa Ziwa Victoria nje kidogo ya mji wa Jinja. Mpiga picha wa mandhari aliyefundwa vizuri saa hiyo yuko kivulini anakunywa soda, maana jua la utosini limeshaharibu kila kitu: vivuli vimejificha chini ya vitu vyenyewe, rangi zimepauka, anga ni kama shuka lililofuliwa mno. Mimi nimesimika stendi kwenye matope, nimeshafokasi, na sasa nakaza mbele ya lenzi kichujio cha infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho: kioo cheusi kama sehemu ya chini ya sufuria. Kijana wa bodaboda aliyenileta anachungulia. "Ssebo, hiyo kioo nyeusi hivyo, unaona nini?" Sioni kitu, namjibu, na ni kweli. Kamera ndiyo inayoona.

Picha ilichukua sekunde 40. Ziwa lilitoka jeusi tii, na yale magugumaji ambayo wavuvi wanayalaani kila siku, yaliyoshonana ufukweni hata upepo hauyasogezi, yaling'aa meupe kama pamba iliyomwagwa kwenye lami. Mawingu yalivutika kidogo upande mmoja, lakini yalikuwa mazito, juu ya anga lililokaribia usiku. Mtumbwi uliofungwa kwenye mti, ambao nilikuwa nimeupanga uwe kitovu cha picha, uligeuka mzimu. Ulicheza kwenye kamba yake muda wote ule, ukabaki doa la moshi. Magugumaji ndiyo yanayowaingiza watu kwenye infraredi. Mtumbwi ndio unaowatoa.

Ubishi wa wapiga picha kuhusu jambo hili umesimama hapo hapo. Wapo wanaosema anza na kichujio cha kukaza mbele ya lenzi, ni rahisi na hakidhuru kamera. Wapo wanaosema kichujio ni njia ya kujichosha bure, tafuta kamera ya zamani ifunguliwe na kubadilishwa moja kwa moja ili ione infraredi. Nimekaa kambi zote mbili kwa nyakati tofauti, na bado naona zote zinaliruka swali ambalo kwa Uganda ndilo zito zaidi. Nitalifikia.

Kwanza mwanga wenyewe. Jicho letu hukoma kwenye takriban nanomita 700, kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga. Kichujio cha nanomita 720, kinachotajwa zaidi kikiwa Hoya R72, huzuia karibu kila tunachokiona na kupitisha kinachofuata baada ya nyekundu. Huko mambo ni mengine. Jani hunyonya mwanga mwekundu na wa bluu kwa ajili ya kutengeneza chakula chake, lakini infraredi haina kazi nayo: nafasi za hewa zilizo kati ya seli huitawanya na kurudisha nje karibu nusu yake. Wengi husema klorofili ndiyo inayoakisi. Hapana, klorofili huiacha ipite tu. Maji huimeza, na juu yake huakisi anga ambalo nalo ni jeusi, kwa sababu hewa hutawanya zaidi mawimbi mafupi, yale ya bluu, na infraredi si miongoni mwao. Mwanafizikia wa Marekani, Robert Wood, alichapisha picha za namna hii mwaka 1910, na weupe huo wa majani mpaka leo huitwa kwa jina lake. Kwa kuwa jina hilo kwa Kiingereza ni mbao, nimekutana na zaidi ya mtu mmoja anayeamini jambo hili linahusu magogo.

Tatizo ni kwamba waliotengeneza kamera yako hawakutaka uyaone hayo. Silikoni ya sensa, kile kinachopokea mwanga ndani ya kamera, ina uwezo wa kuona mpaka karibu nanomita 1,100, kwa hiyo huwekewa kioo mbele yake cha kuzuia infraredi, rangi za kawaida zisiharibike. Leica walipoweka kioo chembamba mno kwenye kamera yao ya M8 ya mwaka 2006, nguo nyeusi za sintetiki zilitoka zambarau, na kampuni ikalazimika kuwapa wanunuzi vichujio vya kurekebisha. Ukikaza kichujio cha infraredi kwenye kamera ya kawaida, unakuwa umeweka walinzi wawili wanaopingana: wa nje anaruhusu wale tu ambao wa ndani ameagizwa kuwafukuza. Picha yako inatengenezwa na wachache wanaoponyoka. Ndiyo maana kitu ambacho jua la mchana lingekimaliza kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, sasa kinataka sekunde 20, 30, hata dakika nzima.

Kamera hazilingani katika ukali wa huyo mlinzi wa ndani, na kulijua hilo ni bure. Chukua rimoti ya televisheni, ielekeze kwenye lenzi, bonyeza kitufe, tazama skrini. Taa ya rimoti ikionekana inawaka kwa nguvu, una bahati. Ikiwa ni cheche hafifu, jiandae kusubiri. Nikon D70 ya mwaka 2004 ilijulikana kwa kupitisha infraredi nyingi, na huo ni mfano mmoja wa mashine iliyopitwa na wakati ambayo kwa kazi hii inaishinda iliyotoka jana.

Wanaopendelea kubadili kamera wana hoja nzito, tena hapa kwetu ni nzito kuliko Ulaya. Nusu ya mandhari yetu ni migomba. Jani la mgomba ni tanga. Upepo kidogo tu linapunga, na kwa sekunde 30 shamba la matoke linageuka ukungu. Kamera iliyobadilishwa hupiga picha hiyo hiyo kwa kasi ya kawaida, mkononi, bila stendi. Unaweza kupiga watu, ng'ombe wa Ankole, mtumbwi unaokwenda. Unaona kwenye kitazamio unachokipiga. Na hukusanyi ule uchafu wa nukta nyekundu na bluu ambao sensa iliyopata joto huutoa baada ya sekunde nyingi, jambo ambalo kwenye jua la saa saba mchana si dogo.

Gharama ndiyo inayouma. Kichujio cha bei nafuu kinapatikana kwa dola 20 au 30, kutegemea kipenyo. Kizuri huenda mara mbili au tatu ya hapo. Kubadili kamera kunagharimu dola mia kadhaa, na kazi yenyewe hufanywa nje, hivyo ongeza usafirishaji na ushuru, halafu ongeza wiki za kungoja. Wapo wanaotafuta njia ya mkato. Rafiki yangu alimpelekea fundi mmoja jijini kamera yake, fundi hodari kabisa wa simu, akaitoa ile kioo ya ndani bila kuweka nyingine ya unene uleule. Kamera ilirudi inaona infraredi vizuri sana. Kufokasi mbali ndiko ilikokukataa, na haikukukubali tena. Mwingine akijaribu nyumbani asisahau kwamba ndani ya kamera yenye flashi kuna kapasita inayoweza kumrusha mtu hata betri ikiwa imetolewa.

Pamoja na hayo yote, bado namwambia anayeanza anunue kichujio, na sababu yangu si bei. Kamera iliyobadilishwa hukupa infraredi ya kila kitu, nawe unapiga kila kitu, unarudi nyumbani na picha 400 za miti myeupe. Kichujio kinakulazimisha uchague. Unasimika stendi, unapanga picha na kufokasi kabla ya kukikaza, unazima fokasi ya kujiendesha, unakaza polepole lenzi isisogee, unafunika kitazamio kama ni DSLR, kamera yenye kioo cha kuakisi ndani, ili mwanga usiingie kwa nyuma, ndipo unapofungua shata. Kwa mchana mzima utapata picha kumi. Katika kumi hizo utajua haraka kama lenzi yako ina lile doa jeupe la katikati ambalo lenzi nyingi huwa nalo kwenye infraredi, na kwamba kuzidi kubana tundu la lenzi hulizidisha. Utajua pia kwamba infraredi haifokasi pale pale panapofokasi mwanga wa kawaida. Lenzi za zamani zilichorwa alama nyekundu kwa ajili hiyo. Nyingi za sasa hazina, basi tundu la lenzi la f/8 ndilo suluhu ya kati. Nunua kichujio cha kipenyo cha lenzi yako kubwa kuliko zote, na kwa ndogo tumia pete za kuunganishia. Na usikiinue kamwe kutazamia jua. Weusi wake unalidanganya jicho lifunguke, huku infraredi ikipita na kuunguza.

Kwa hiyo kambi ya kichujio ina haki, kwa mwanafunzi. Lakini swali nililoliahidi halihusu kioo kipo mbele ya lenzi au nyuma yake. Picha za infraredi zinazowavutia watu mtandaoni mara nyingi zimepigwa mahali ambapo mti ni mmoja na mawe ni mengi. Mti mweupe, jangwa la kijivu, anga jeusi. Sasa ichukue hiyo uilete Fort Portal. Chai ni kijani, mikaratusi inayoizunguka ni kijani, nyasi za kando ya barabara ni kijani, na msitu wa nyuma nao ni kijani. Kwa macho, hizo ni kijani nne tofauti kabisa, na mkulima atakutajia zaidi. Kwenye infraredi zote ni nyeupe. Nilipiga mashamba ya chai siku mbili nzima nikapata theluji, theluji, na theluji, wakati theluji ya kweli ilikuwa juu ya Rwenzori nyuma ya mawingu, haionekani.

Kibaya zaidi, barabara ya maramu. Kila anayepiga mandhari ya Uganda anaishi kwa ule wekundu unaokata kijani. Infraredi inauondoa. Udongo mwekundu huakisi sehemu nzuri ya mwanga huo, barabara inatoka kijivu hafifu kati ya nyasi nyeupe, na ile tofauti iliyokusimamisha ushuke kwenye pikipiki haipo tena. Anayesema infraredi haifai nchi hii ana ushahidi huo mkononi, na sina la kumpinga kuhusu Fort Portal.

Namjibu kwa Ziwa Bunyonyi. Matuta ya milima ya Kabale hayalimwi yote kwa wakati mmoja: tuta hili limechimbwa jana, lile lina viazi, lile limelala. Udongo uliolowa na kuchimbuliwa hutoka mweusi, mazao hutoka meupe, na mlima mzima unakuwa kama mkeka wa ukili uliosukwa kwa rangi mbili. Chini yake ziwa ni wino. Namjibu pia kwa maporomoko ya Sipi, ambako mwamba mweusi wa Mlima Elgon unasimama kati ya maji na majani. Palipo na maji, mwamba au jembe, infraredi ina la kusema. Palipo na kijani peke yake, acha kichujio kwenye mfuko.

Kuna wanaokwepa tatizo hili kwa rangi. Unapiga faili za RAW, yaani data ghafi ya kamera, unaweka mizani ya nyeupe kwa kulenga nyasi, kisha kwenye kompyuta unabadilishana chaneli nyekundu na ya bluu. Anga linarudi bluu na majani yanabaki ya dhahabu au ya waridi hafifu. Inapendeza, na inachosha upesi. Jirani yetu Kongo iliwahi kupigwa kwa waridi kali zaidi: Richard Mosse, mpiga picha wa Ireland, alitumia mashariki mwa nchi hiyo filamu ya infraredi ya Aerochrome, iliyobuniwa ili jeshi ligundue waliojificha chini ya majani, na mwaka 2013 akaiwakilisha nchi yake kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice kwa kazi hiyo. Waliomsifu walisema amewafanya watu watazame vita walivyochoka kuvitazama. Waliomlaumu walisema ameipamba maiti. Mimi nasimama karibu na walalamikaji, ingawa si kabisa, na kwa sababu hiyo picha zangu nazibakiza nyeusi na nyeupe.

Masese nilirudi wiki mbili baadaye. Mwenye mtumbwi alikubali kuuvuta mpaka mchangani kwa malipo ya soda mbili, moja yake na moja ya kijana wa bodaboda aliyejifanya msimamizi. Hakukuwa na upepo. Sekunde 40 zikapita bila kitu kusogea, na mtumbwi ukatoka mkali, kila msumari unahesabika. Iliyo ukutani kwangu ni ile ya mzimu.