Punguza volti kwanza, feni baadaye

Msomaji ninayemrekodi akisoma kitabu alikuwa amefika pale simulizi inapotulia kabisa: usiku, mama yuko mlangoni anamsubiri mwanawe, na sentensi yenyewe ina maneno sita tu. Akashusha sauti karibu ya kunong'ona. Ndipo kompyuta iliyo chini ya meza ikapandisha feni, vuuuu, ikakaa huko juu kama sekunde kumi, ikashuka. Dada akavua hedifoni, akanitazama. "Kaka, turudie?" Tukarudia. Ilikuwa mara ya nne jioni ile, naye alikuwa amepanda daladala mbili kutoka Mbagala kuja kunisomea.

Chumba changu cha kurekodia kiko hapa Dar es Salaam. Zamani kilikuwa chumba cha kulala; sasa kuta zina magodoro na dirisha limezibwa. Tukianza kurekodi pangaboi linazimwa, kiyoyozi kinazimwa, friji la sebuleni linachomolewa. Kati ya Januari na Machi kipimajoto nilichobandika ukutani kinasoma nyuzi 32 tunapoanza na 34 tunapomaliza. Kitu pekee kisichoweza kuzimwa ni kompyuta, kwa sababu ndiyo inayorekodi, na papo hapo inasafisha sauti kwa programu nzito.

Ndani yake mna prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya kampuni ya Intel, Core i7-8700K, toleo la mwaka 2017, yenye kore sita, yaani sehemu sita zinazofanya kazi kwa pamoja. Niliinunua ikiwa imeshatumika, na siku ileile nikaiovakloki, yaani nikaipandisha kasi kuliko ilivyopangwa. Kiwandani imepangwa kufika gigahezi 4.3 kore zote zikifanya kazi pamoja. Mimi nikaisukuma hadi 5.0. Sioni ubaya wa jambo hilo. Kupandisha kasi ya prosesa ya zamani ni njia ya mtu asiye na hela ya prosesa mpya, na imekuwa hivyo tangu mwaka 1998, watu walipokuwa wakichukua Celeron, prosesa ya bei nafuu ya Intel, ya megahezi 300 na kuiendesha kwa 450 kwa kubadili tu kasi ya njia inayoiunganisha na sehemu nyingine za kompyuta kutoka megahezi 66 hadi 100. Kosa langu lilikuwa namna nilivyoshughulikia joto lililofuata.

Nilifanya kama ninavyoona wengi wakifanya: joto likizidi, ongeza feni. Nikaongeza moja mbele, moja nyuma. Bado prosesa iligusa nyuzi 97, mara 100, na kwenye 100 hiyo 8700K hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Nikaenda Kariakoo kwa fundi ninayemwamini. Akasikiliza, akasema, "Kaka, hapo dawa ni maji tu. Funga kipoza cha maji, utasahau."

Namheshimu fundi huyo, lakini kwa hali yangu ushauri ule haukunifaa, na naona unawaponza wengi. Maji yanayozunguka ndani ya mirija hayawezi kupoa chini ya joto la chumba. Mwisho wa safari yao kuna rejeta, na rejeta hiyo ina feni zinazopuliza hewa ileile ya nyuzi 33. Juu yake unaongeza pampu, ambayo ina mlio wake mwembamba usiokatika, na maikrofoni inaupenda mlio huo kuliko sikio. Mfumo wa maji una faida pale joto linapokuwa jingi mno kwa pande la chuma kulibeba. Kabla ya kufika huko, yafaa mtu ajiulize kwa nini joto limekuwa jingi hivyo.

Kwanza, tunadanganywa na namba za ugenini. Vipimo vingi tunavyovisoma kuhusu vipoza vimefanywa kwenye vyumba vya nyuzi 20 au 21. Kipoza hakikupi nyuzi fulani. Kinakupa tofauti juu ya joto la chumba. Aliyeona 78 kwenye chumba cha nyuzi 21, mimi kwa kipoza hichohicho na mzigo uleule nitaona 89 au 90 kwenye chumba cha 32. Hakuna aliyekosea. Ila mipangilio ya mtu wa Ulaya ukiinakili ilivyo na kuileta pwani, nafasi aliyokuwa nayo kabla ya kufika kikomo wewe huna.

Pili, feni haiui joto, inalihamisha tu. Kompyuta inayokula wati 150 inamwaga wati 150 chumbani, hata ukiifunga feni kumi. Mtu aliyeketi ametulia hutoa kama wati 100. Kwa hiyo mimi na msomaji wangu tulikuwa tumefungiana chumba kimoja na kompyuta yenye joto la mtu mmoja na nusu, na hewa iliyotoka nyuma ya kasha ilizunguka ikarudi kuingia mbele. Njia pekee iliyobaki ni kulipunguza joto pale linapozaliwa.

Joto hilo linazaliwa na volti zaidi kuliko kitu kingine chochote. Umeme unaoliwa na prosesa ikiwa kazini hupanda sambamba na kasi, lakini kwa volti hupanda kwa kipeo cha pili. Ili kushika 5.0 nilikuwa nimeipa volti 1.36. Niliporudi hadi 4.7 iliridhika na 1.20. Tuifanye hesabu hiyo, maana ndiyo iliyonibadilisha mawazo: 1.20 mara 1.20 ni 1.44, 1.36 mara 1.36 ni 1.85. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, zidisha kwa 4.7 uliyoigawanya kwa 5.0, unapata kama asilimia 73. Nimeachia asilimia 6 ya kasi, na zaidi ya robo ya joto imeondoka. Na 4.7 bado ni kasi iliyopandishwa, iko juu ya ile ya kiwandani kwa kore zote.

Kazi yenyewe ilinichukua siku mbili, sehemu kubwa ikiwa ni kusubiri. Niliingia kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta, nikaondoa volti kwenye "Auto", yaani kujipanga yenyewe. Hili nalisisitiza: bodi nyingi, yaani bao kubwa linalobeba prosesa, ukizipandishia kasi huku volti zikiwa Auto hujaza volti kupita inavyohitajika, ili mashine isigande na mteja asilalamike. Joto la watu wengi limetoka hapo, wala si kwenye kipoza. Nikaweka 1.28, nikaendesha Prime95, programu ya kuitwisha prosesa mzigo mzito, nusu saa, ikapita. Nikashusha 0.02, nikajaribu tena. Kwenye 1.18 mashine iliganda. Nikarudi 1.20 na kuiacha ifanye kazi mchana kutwa. Nasema mchana kwa makusudi, kwa sababu volti inayotosha saa kumi na mbili asubuhi inaweza isitoshe saa tisa alasiri chumba kikiwa kimeiva. Jaribio la mwisho lifanyike kwenye joto baya kuliko yote utakayofanyia kazi.

Kuna wanaoshauri kuifungua prosesa kifuniko. Wana hoja. Kuanzia mwaka 2012 prosesa hizi za kawaida za Intel zilikuwa na pesti, uji mzito wa kupitisha joto, kati ya silikoni, yaani chipu yenyewe, na kifuniko, badala ya kulehemiwa kama zile za 2011, na 8700K ni mojawapo. Ukifungua ukaweka metali iliyo kimiminika unaweza kushusha nyuzi 15 au zaidi. Mimi sikufungua, na simshauri mtu ambaye prosesa ni moja na ndiyo inayomlisha. Metali hiyo ina galiamu, inayokula alumini, na tone moja likidondoka kwenye bodi umepoteza vyote viwili.

Baada ya volti ndipo nikarudi kwenye feni, na hapa ndipo penye siri ya ukimya. Kipande cha silikoni ni kidogo sana, kwa hiyo kipimo chake kinaruka nyuzi 15 ndani ya sekunde moja ukifungua tu programu. Pande la mapezi, zile bamba nyembamba za kipoza, juu yake lina uzito wa kama kilo moja ya metali na huchukua dakika kadhaa kupata joto. Feni inayofuata kipimo cha silikoni inahangaika kwa joto ambalo bado halijafika kwenye mapezi yake. Ile vuuuu ya sekunde kumi iliyomkatisha dada haikupoza chochote. Ilikuwa kelele tupu.

Kipoza changu ni Noctua NH-D15, chenye mirija sita na feni mbili za milimita 140 zinazoweza kufika mizunguko 1,500 kwa dakika. Nimezifunga kwenye 700 mpaka prosesa ifike nyuzi 82, kisha zipande taratibu, na nimechelewesha mwitikio wa feni kwa joto kwa muda mrefu kabisa unaoruhusiwa na bodi. Kupunguza mzunguko wa feni kwa nusu hushusha kelele kwa karibu desibeli 15, ilhali kuongeza feni ya pili iliyo sawa na ya kwanza huongeza 3 tu. Ndiyo maana feni mbili za polepole zinaishinda moja ya mbio kila mara. Na sikio husamehe mvumo ulio sawasawa. Lisichosamehe ni mvumo unaobadilika. Hata programu ya kusafisha sauti iko hivyo hivyo, inajua kuondoa mvumo usiobadilika.

Vumbi nalo. Nilipokitoa kipoza kubadilisha pesti, niliingiza ncha ya brashi kati ya mapezi nikavuta kitu kama kipande cha blanketi, kijivu, chenye unyevu kidogo, kimeshikamana hata nikaweza kukikunja. Hewa yetu ya pwani ina unyevu na chumvi, vumbi linaganda halipeperuki. Hiyo peke yake ilikuwa imeniibia nyuzi 6. Sasa kila mwisho wa mwezi natoa kasha uani na kulipuliza kwa blowa, nikiwa nimezishika feni kwa kidole zisizunguke, maana blowa huzizungusha kuliko zilivyoumbiwa na kuharibu beringi.

Wapo watakaosema nyuzi 95 si tatizo, kiwanda chenyewe kinaruhusu. Kwa prosesa mpya za AMD, mshindani wa Intel, za kuanzia 2022 ni kweli, Ryzen 7000 zimeundwa zipande hadi 95 chini ya mzigo mzito. Lakini kikomo cha kiwanda kinahusu kutoungua, hakihusu chumba chenye maikrofoni. Na volti kubwa haina huruma: mwaka 2024 Intel yenyewe ilikiri kwamba prosesa zake za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikiomba volti kupita kiasi, ikatoa marekebisho mwezi Agosti, na marekebisho hayo hayakuweza kuziponya zilizokwisha kuharibika. Anayeshusha volti anailinda prosesa ambayo hana hela ya kuinunua tena.

Sura moja ya kitabu iliyokuwa ikichukua dakika 8 kusafishwa sasa inachukua dakika 8 na sekunde 20. Tofauti ni ndogo kwa sababu ile 5.0 ilikuwa ya jina tu. Kila ilipogusa nyuzi 100 ilijishusha. Prosesa inacheza kati ya 77 na 79 chumba kikiwa na 33, na feni hazitoki kwenye 700.

Wiki iliyofuata dada alirudi, tukaisoma sura ile upya. Alipofika mlangoni kwa yule mama akashusha sauti, akasema maneno yake sita, akanyamaza kama sekunde nne. Nimeipandisha sauti ya ukimya ule hadi mwisho. Nasikia pumzi yake, na mbali kabisa barabarani, muuza karanga akigonga sarafu.