Mto Mmoja Haufiki, Miwili Inapitiliza

Jamani, hebu mtu anieleze: mito hii inapimwa kwa kichwa cha nani? Ukilalia mmoja, kichwa kinazama mpaka sikio linasalimiana na godoro. Ukiongeza wa pili, kidevu kinagota kifuani, unahema kwa taabu, na miguu yako yote miwili unaitazama usiku kucha bila kupenda. Anachohitaji mtu ni mto mmoja na nusu. Na hiyo nusu haiuzwi popote. Wanauza midogo, mikubwa, mirefu ya kukumbatia, hata ya kuvaa shingoni safarini, lakini ile nusu niliyopungukiwa mimi hakuna fundi aliyewahi kuishona.

Basi unajiongeza. Unachukua ule wa pili, unaukunja katikati, unausokomeza chini ya wa kwanza, kisha unaulalia haraka kabla haujaghairi. Dakika za mwanzo ni raha tupu. Shingo imenyooka, bega limetulia, macho yanaanza kuwa mazito. Lakini mto uliokunjwa una subira, bwana. Unajua kabisa kwamba ukijikunjua sasa hivi utaukunja tena, kwa hiyo unakaa kimya, unakusoma pumzi. Lepe la kwanza likikupitia tu, unaanza kujinyoosha taratibu, unausukuma mwenzake wa juu, na ukija kushtuka pua yako iko kwenye ubao wa mchagoni. Ukijaribu taulo badala yake, taulo linakunjuka zaidi ya mto, halafu asubuhi unajifutia kitu ulichokilalia.

Wataalamu nao wana maneno mazuri. Ukilala chali, wanasema, mto uwe wa wastani, uujaze ule uwazi wa nyuma ya shingo bila kukisukuma kichwa mbele. Ukilala ubavu, uwe mnene, maana kuna nafasi ya bega zima kati ya sikio na godoro, na nafasi hiyo isipojazwa shingo inapinda. Ukilala kifudifudi, uwe mwembamba kabisa au usiwepo, na afadhali usilale hivyo, kwa kuwa ili upate kuvuta hewa lazima shingo uigeuze upande mmoja, na ibaki hivyohivyo. Kichwa cha mtu mzima kina karibu kilo 5, wanakukumbusha, na kimebebwa na pingili 7 za shingo, basi zihurumie.

Nazihurumia. Sina ubishi hata na sentensi moja. Tatizo ni kwamba wanaongea na mtu ambaye siye. Mimi usiku mmoja ni watu watatu. Yule wa saa nne ni muungwana: chali, mikono tumboni, shuka limefika kifuani, amesoma ushauri wote na anaufuata. Saa sita anakuja wa pili, analala ubavu na anataka mto mnene. Saa tisa anakuja yule jambazi wa kifudifudi, mguu mmoja nje ya shuka, mdomo wazi, na yeye mto hautaki kabisa, anautupa chini. Kitanda kimoja, wapangaji watatu, mto mmoja. Nikimnunulia wa saa nne, wa saa sita anaamka na shingo imekaza. Nikimnunulia wa saa sita, wa saa nne anakoroma huku kidevu kiko kifuani. Na aliyesoma ushauri siye anayelala! Anayelala hajui kusoma.

Mke wangu hana shida hizi. Ana mto mmoja umepwaya, umelaliwa mpaka umekuwa mwembamba, ukiuinua kwa pembe moja unainama wote. Anauweka, anaweka kichwa, anasema "usiku mwema", na ile "mwema" anaimalizia akiwa ameshalala. Usingizi wa pono. Mimi hapo ndiyo kwanza nimefika hatua ya kuupiga mto ngumi. Naupiga katikati upate bonde, nausukuma ncha zipande, nautingisha mjazo uende upande wa shingo, nalala, nainuka, naugeuza. Juzi akafumbua jicho moja.

"Baba, unalala au unajenga?"

"Naweka sawa kidogo tu, mama."

"Basi zima taa ujenge gizani."

Nikazima. Lakini kuupanga mto gizani si mchezo. Foronya ina mdomo, na mdomo huo sharti uelekee nje, la sivyo unaingia mkono ndani usiku ukidhani umekamatwa na kitu. Kuna mshono, na mshono ukija chini ya shavu unaamka na mstari usoni kutoka jichoni mpaka kidevuni, na mstari huo hautoki mpaka watu wote muhimu wameshauona. Kuna lebo pia. Lebo ya mto imeshonwa na mtu ambaye halali: ngumu, yenye pembe, na daima imewekwa kwenye ile kona ambayo sikio linaipenda.

Halafu kuna suala la mkono. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndilo linaloniudhi kuliko yote na hakuna anayelizungumza. Ukilala ubavu, mkono wa juu hauna neno. Unauacha mbele yako, unajipumzikia. Je, ule wa chini? Uende wapi? Mwili umeumbwa vizuri kila mahali, lakini kwenye kulala ubavu mkono wa chini umezidi. Ukiunyoosha mbele, bega linabanwa. Ukiuweka nyuma ya mgongo, umejifunga pingu mwenyewe. Ukiubana chini ya mwili, umeulalia. Ndiyo maana wengi wetu tunaupenyeza chini ya mto, pale pana ubaridi mzuri, na kichwa kinapata kimo kidogo cha ziada. Yaani ile nusu ya mto niliyokuwa naitafuta, kumbe ni mkono wangu mwenyewe!

Furaha hiyo inaisha saa nane usiku. Unaamka huna mkono. Unaupapasa kwa huo mwingine na unakuta kitu kizito, kimelegea, hakina habari na wewe. Watu husema damu imekatika, lakini mara nyingi ni mishipa ya fahamu iliyobanwa. Imekandamizwa na uzito, ujumbe haupiti. Unaunyanyua kwa mkono mzima, unauweka juu ya tumbo, unauangalia gizani kwa huzuni. Kisha unaanza kurudi, na kurudi kwake ndiko adhabu yenyewe: sindano, sindano, moto, sindano, vidole vinavimba bila kuvimba, na huwezi kuukuna wala kuugusa. Kosa ukaugeuza ghafla katika hali hiyo, unaweza kujipiga kofi kwa mkono usiokuwa wako. Mke wangu alishapigwa nao. Nikamwambia si mimi, ulikuwa bado haujarudi. Hakunielewa, na mpaka leo nikimwambia mkono umekufa ganzi anasogea ukutani kwanza ndipo ananipa pole.

Wataalamu wakasema tena, weka mto kati ya magoti, utaisaidia nyonga na kiuno kisipinde. Ni kweli unasaidia, siwezi kuusema vibaya. Ila ukitaka kugeuka lazima uuhamishe, maana mto wa magoti hauendi na wewe. Inabidi uubane kwa mapaja, uinue kiuno, uzunguke nao wote kwa pamoja bila kuuangusha, kitu ambacho mtu mwenye usingizi hawezi na akiweza basi ameshaamka. Na wa kukumbatia je? Na wa kuegemeza mgongoni? Hesabu mwenyewe. Kichwani miwili, magotini mmoja, kifuani mmoja, mgongoni mmoja. Nikiwa nimekamilika hivyo mke wangu anabaki na ukingo wa kitanda, na mimi nashindwa kusogea wala kujikuna.

Na msiniambie nitumie ile iliyopo kitandani. Kitanda chetu kina mito ya kutosha mchana. Yenye vifundo, yenye shanga, mmoja una kitufe katikati kinachokuachia alama kwenye shavu. Hiyo si ya kulalia. Jioni inahamishiwa kwenye kiti, asubuhi inarudishwa, na kichwa cha mtu hakiruhusiwi kuisogelea. Sijui inatumikia nini, nimeacha kuuliza.

Nilipochunguza, nikaona hili tatizo ni la kale. Wamisri wa kale walilalia kiegemezo cha mti au jiwe, chenye shina na sehemu ya juu iliyopinda kama mwezi mwandamo, shingo inakaa pale. Wachina walikuwa na mito ya kaure, ile ya vyombo, migumu na iliyopambwa maua. Nikajiuliza, hawa watu walikuwa wanageukaje? Ukigeuka kwa pupa kwenye kaure, si unazimia badala ya kulala? Jibu nimelipata kaburini. Kaburi la Tutankhamun, mfalme wa Misri ya kale, lilipofunguliwa mwaka 1922 vilikutwa viegemezo vya kichwa kadhaa, kimoja cha pembe ya ndovu. Na huyo mwenye mali ndiye mtu pekee ninayemjua aliyelala chali kama wataalamu wanavyotaka. Zaidi ya miaka 3,000, hakugeuka hata mara moja.

Hata sponji hii ya kisasa inayojiita ya kumbukumbu haikutengenezwa kwa ajili ya mtu anayegaagaa. Ilibuniwa mwaka 1966 kwa kazi ya NASA, lile shirika la Marekani la anga za juu, iwekwe kwenye viti vya ndege, imkinge rubani. Rubani! Mtu aliyefungwa mkanda! Nimeulalia mto wa namna hiyo. Inalainika kwa joto la mwili, kichwa kinazama taratibu, inajichonga kukufuata, unajisikia mtu wa maana. Kisha unageuka. Yenyewe bado inakumbuka pale ulipokuwa. Unasogea kulia, shimo liko kushoto. Unarudi kwenye shimo, sasa limeanza kujifuta. Na joto lake, mama yangu! Sponji haipitishi joto upesi, kwa hiyo lile ulilotoa kichwani linakaa papo hapo linakusubiri.

Mto wa manyoya hauna joto hilo, ila mara moja moja unyoya unatoboa foronya na kukuchoma shingoni ukaruka ukidhani mdudu. Wa sufi ni mtamu ukiwa mpya, baadaye sufi inashikana mabonge, unalala na mlima upande huu na bonde upande ule. Kila mto una lake. Tunachobaki nacho ni ule upande wa chini.

Ah, upande wa chini wa mto! Hapo sina malalamiko. Mwili ukielekea usingizini unajipoza, na ngozi ya shavu inatafuta pa kutolea joto. Unaugeuza mto, unaweka shavu pale palipokuwa pamefichwa, na kwa muda mfupi huna deni wala adui. Ni mfupi mno. Ubaridi ule unatumika haraka, unageuza tena, unakuta ule wa kwanza haujapoa. Basi unabaki unageuza upande wa vuguvugu kwa upande wa vuguvugu.

Usiku mmoja hali ilikuwa mbaya, mito yangu yote imechemka, nikautamani wa mke wangu. Si kwa wizi; nilitaka kona tu. Yeye alikuwa amelala ukingoni, nusu ya mto ipo wazi. Nikasogeza kichwa kidogokidogo mpaka nikagusa. Jamani! Ule mto uliopwaya, ambao nimeucheka kwa muda wote tuliokaa pamoja, ulikuwa na kimo kile kile. Nusu. Ukiuweka juu ya mmoja wangu ndiyo ile hesabu. Nikauvuta taratibu, sentimita moja, mbili. Hakuamka. Alikunja uso, akanyoosha mkono, akauvuta mto wote pamoja na sikio langu, akageukia ukutani.

Asubuhi nikamwomba tubadilishane, nimpe miwili kwa mmoja. Akacheka mpaka akakaa chini. Akasema mto huo umechukua miaka kufika hapo, nami nichukue mmoja niulalie mpaka upwaye. Nitaulaliaje mpaka upwaye na mimi silali?

Ndipo nikasikia kuna mto uliotobolewa, una njia maalumu ya kupitishia mkono wa chini ili usibanwe. Kumbe kuna watu waliokaa kikao kuhusu mkono! Nikaenda kuuona. Muuzaji, kijana mpole, akanilaza juu ya godoro la maonyesho, viatu nje ya ukingo, wateja wanapita wanatutazama. Mkono ukaingia kwenye njia yake, bega likatulia, shingo ikanyooka. Nilikaribia kutokwa na machozi. Akaniuliza, "Mzee, kwa kawaida unalalia mkono gani, wa kulia au wa kushoto?"

Nikamwambia inategemea ni saa ngapi.