Utu Uzima Dawa, Lakini Dawa Ngapi?

Mzee wa miaka 72 anatoka kupima afya na karatasi tatu za majibu mkononi. Mistari minne imewekewa nyota: hiki kimepanda kidogo, kile kimeshuka kidogo. Hakuna aliyemuuliza kama anasikia vizuri. Hakuna aliyemwambia avue viatu. Mwezi huu mara mbili nusura aanguke alipoamka usiku kwenda haja ndogo, lakini hakulisema, maana aliona huo ni uzee, na uzee haupimwi.

Mabishano kuhusu kupima afya uzeeni kwa kawaida huzunguka zile karatasi tatu: ziwepo au zisiwepo, ziwe za kila mwaka au la. Mimi naona tatizo kubwa liko kwenye yale ambayo mzee huyu hakuyasema. Lakini tuanze na mabishano yenyewe, kwa kuwa kila upande una haki yake.

Wanaosema pima kila mwaka, tena pima kila kitu, wana wazo la siku nyingi. Mwaka 1861 tabibu Horace Dobell wa London alishauri watu wachunguzwe mara kwa mara hata kama hawaumwi, ili dosari zikamatwe kabla hazijawa maradhi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na yapo maradhi yanayoipa hoja hiyo nguvu kweli kweli. Presha haiumi. Sukari inaweza kupanda miaka kadhaa bila mwenyewe kujua, na siku inapojitangaza, jicho au figo limekwisha kuguswa.

Kwa muda mrefu wapo madaktari waliodhani kwamba mtu akishavuka miaka 80, presha yake iachwe ilivyo. Jaribio la HYVET, lililochapishwa mwaka 2008, liliipa dhana hiyo kipigo. Watu 3,845 wenye miaka 80 na kuendelea, ambao presha yao ya juu ilianzia 160, waligawanywa: wengine wakapewa dawa, wengine vidonge visivyo na dawa. Kwa waliopewa dawa vifo vilipungua kwa asilimia 21, na moyo kushindwa kazi kwa asilimia 64. Jaribio likasimamishwa kabla ya wakati wake kwa kuwa faida ilikwisha kuonekana. Lengo lao lilikuwa 150 kwa 80, si namba ya kijana. Hapo ndipo wengi wanaponukuu jaribio hili nusunusu.

Upande wa pili unasema usitafute ugonjwa ambao haujakutafuta. Ukisikika mara ya kwanza unafanana na uzembe, lakini hoja zake ni nzito kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2019 mtandao wa watafiti wa Cochrane ulipitia upya majaribio 17 ya uchunguzi wa jumla wa afya, yenye washiriki zaidi ya 250,000. Kulinganisha walioitwa kupimwa na wasioitwa, vifo havikutofautiana kwa kiasi cha maana, iwe vifo vyote kwa ujumla au vya saratani.

Sababu moja ni hesabu tu. Mipaka ya "kawaida" katika vipimo vingi vya maabara huwekwa ili iwakusanye watu 95 katika kila watu 100 walio wazima. Watano waliobaki ni wazima pia, ila wako nje ya mstari. Sasa mpime mtu asiye na tatizo lolote vitu 20 visivyohusiana: uwezekano wa kupata walau nyota moja unakaribia asilimia 64. Kwa maneno mengine, ukipimwa vitu vingi vya kutosha, cha ajabu ni kutoka bila nyota. Na nyota haikai peke yake. Huzaa kipimo cha kurudia, picha, rufaa, na usiku kadhaa wa kukosa usingizi.

Korea Kusini iliyaona haya kwa ukubwa wa nchi nzima. Mpango wa taifa wa kupima saratani ulipoanza mwaka 1999, vituo vingi viliongeza na kipimo cha ultrasaundi ya tezi ya shingo kwa ada ndogo, ingawa hakikuwa ndani ya mpango. Kufikia 2011, saratani ya tezi hiyo ilikuwa ikigunduliwa mara 15 zaidi ya ilivyokuwa mwaka 1993. Waliokufa kwa saratani hiyo hawakupungua wala kuongezeka. Karibu wote waliogunduliwa walipasuliwa, na wengi wao wakabaki wakimeza homoni maisha yao yote kwa ajili ya uvimbe ambao pengine wangeishi nao hadi mwisho bila kuujua.

Kwa mzee kuna hesabu nyingine ya ziada, ambayo ni nadra kutajwa mbele yake: kipimo kina gharama leo na faida kesho. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la BMJ ulionyesha kwamba, kwa saratani ya matiti na ya utumbo mpana, inachukua kama miaka 10 tangu kupima ndipo kifo kimoja kizuilike kwa kila watu 1,000 waliopimwa. Ndiyo maana jopo la Marekani la huduma za kinga linashauri saratani ya utumbo ipimwe kati ya miaka 45 na 75, baada ya hapo iwe kwa kumtazama mtu na mtu, na kipimo cha damu cha tezi dume kisifanywe kwa mwenye miaka 70 na zaidi.

Je, upande wa pili umeshinda? La. Uchambuzi wa Cochrane haukuingiza majaribio yaliyolenga wazee, kwa hiyo kuutumia kumwambia bibi wa miaka 80 abaki nyumbani ni kuutwisha mzigo usio wake. Halafu wasioitwa kupimwa hawakuwa wamekaa bila huduma. Walipokwenda kwa daktari kwa mafua au mgongo, presha yao ilipimwa hapo hapo. Kinachoonekana kutosaidia sana ni ile sherehe ya mwaka ya kupima kila kitu. Kupimwa presha na mtu anayekufahamu ni jambo jingine kabisa.

Turudi kwa yule mzee aliyenusurika kuanguka. Kipimo alichokihitaji hakikuwa kwenye karatasi zile tatu. Kingefanyika kwa mashine ya presha ile ile, kwa dakika chache: apimwe akiwa amelala au ameketi, kisha asimame, apimwe tena ndani ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, damu inachelewa kufika kichwani anaposimama. Mara nyingi chanzo ni dawa anazomeza, au maji asiyokunywa kwa kuogopa kuamka usiku. Lakini wazee wengi hupimwa presha wakiwa wameketi tu, wanaambiwa "iko sawa", wanarudi kwenye ngazi zao.

Orodha ya mambo "madogo" ya aina hii ni ndefu kuliko ya magonjwa makubwa. Nta iliyoziba sikio. Mtoto wa jicho, ambaye huondolewa kwa upasuaji mfupi na bado ndiye chanzo kikuu cha upofu duniani. Meno yanayouma, ambayo hufichwa kwa kula vyakula laini peke yake, mpaka uzito unapungua na watu wanaanza kuhofia saratani. Kucha za miguu ambazo mtu hafiki tena kuzikata. Mkojo kupenya, jambo ambalo mama wa heshima zake atalibeba miaka kumi bila kumtamkia hata bintiye. Ganzi ya miguu kwa mwenye kisukari, ambayo huhesabiwa kuwa ni sukari tu, kumbe anayemeza metformini kwa miaka mingi anaweza kupungukiwa vitamini B12, na hiyo inapimika na inatibika.

Mwaka 2024 tume ya jarida la Lancet ilitaja mambo 14 yanayoweza kurekebishwa katika hatari ya kupoteza kumbukumbu, na miongoni mwao ni kutosikia na kutoona ambako hakujashughulikiwa. Nayataja haya kwa sababu sikio na jicho ndivyo vya kwanza kusingiziwa uzee. Mtu asiyesikia hujibu kisichoulizwa, halafu anaambiwa akili imeanza kuyumba.

Hapa najua nitapingwa, na kwa haki. Ukiyainua malalamiko madogo yote yawe ya kitabibu, utapata wapi pa kukomea? Wapo wanaougeuza kila mkunjo kuwa ugonjwa. Mfano mzuri ni mkojo wenyewe. Wanawake wengi wazee wana bakteria kwenye mkojo bila maumivu, bila homa, bila dalili yoyote, na mwongozo wa wataalamu wa maambukizi ni kwamba wasipewe antibaiotiki kwa hilo. Bado mkojo unapimwa "kwa uhakika tu", bakteria wanaonekana, dawa inaandikwa, tumbo linaharibika.

Hatari kubwa zaidi ni pale kila shida ndogo inapopata kidonge chake. Mchukulie bibi wa miaka 78 aliyeanzishiwa amlodipini kwa ajili ya presha. Miguu inavimba, jambo linalofahamika kwa dawa hiyo. Daktari wa pili, bila kuiona orodha ya wa kwanza, anampa dawa ya kupunguza maji mwilini. Sasa anakimbilia choo usiku na mchana. Wa tatu anampa dawa ya kutuliza kibofu. Kinywa kinakauka, choo kinakuwa kigumu, anaanza kuchanganya majina ya wajukuu. Wa nne ataitwa kwa ajili ya kumbukumbu. Kila daktari alikuwa sahihi ndani ya chumba chake, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kama uvimbe ulianza baada ya kidonge cha kwanza. Ongeza hapo dawa za maumivu za kununua dukani, kama ibuprofeni na diklofenaki, ambazo hupandisha presha na kuzibana figo, na ambazo mgonjwa hazitaji kwa kuwa kwake yeye hizo si "dawa", ni za kutuliza tu. Utu uzima dawa, walisema wahenga, lakini hawakuwa na mfuko wa aina kumi na moja za vidonge akilini.

Kwa hiyo ningependa ziara ya afya ya mzee ianzie kinyume na inavyoanza sasa. Kwanza mfuko wa dawa umwagwe mezani wote, za daktari na za dukani, na kila moja iulizwe imekuja kwa ajili ya nini. Kisha maswali matatu ya aibu: umeanguka? mkojo unakusumbua? unasikia ninavyosema? Kisha asimame, atembee. Damu ya maabara ije baadaye, na kwa kila kipimo liwepo jibu la swali moja: kikitoka kibaya, tutafanya nini tofauti? Ukikosa jibu, hicho kipimo kinamtuliza daktari zaidi ya kumsaidia mgonjwa. Sijui kama dakika kumi za foleni ndefu zinatosha kwa haya yote. Huenda hazitoshi, lakini hizo hizo sasa zinaliwa na kusoma nyota.

Kilicho kigumu kuliko vyote ni kuacha. Mwambie mwanamume wa miaka 74 kwamba kipimo cha tezi dume alichokuwa akifanya kila mwaka hakihitajiki tena, na atakachosikia ni kwamba amekatiwa tamaa. Takwimu za miaka 10 hazitamtuliza, zitamuumiza zaidi. Anayemwambia hivyo anapaswa kuwa na muda wa kuketi na kumweleza kwamba kilichosimama ni kumtafutia ugonjwa asiousikia, na kwamba akiona damu kwenye mkojo, au mfupa ukianza kuuma usiku, aje kesho yake asubuhi na atapimwa kila kinachopimika.