Kirungu cha Afande

Kijiti cha mbio za kupokezana hakina maajabu: urefu wa sentimita 28 hadi 30, uzito usiopungua gramu 50, laini, kitupu ndani. Ila chetu kinasukuma chapati vizuri mno. Asubuhi ya mashindano ya mitaa pale Jinja tulikikuta kwa muuza rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai), kimejaa unga, naye akagoma kukiachia hadi wateja wake waishe.

Kocha wetu, afande mstaafu, hakutishika. Aliingia ndani akatoka na kirungu chake cha kazi. (Kwa nini hakukirudisha stoo? Muulize wewe.)

"Hivi vyote ni ukoo mmoja," akatuambia. "Mwaka 1975 Amin alijipa ufildi marshali, cheo ambacho huko Ulaya mtu hukabidhiwa na kifimbo cha heshima. Mimi nilistaafu koplo, nikabaki na hiki. Kimbieni!"

Waamuzi walimwogopa, hawakupima kitu.

Mimi nilikuwa wa tatu, na njia yangu ilipita kando ya soko. Hebu fikiria: jitu limetumbua macho, jasho tele, kirungu juu, linakuja mbio. Mama wa nyanya alinitupia jicho moja tu.

"Wamekuja!"

Maturubai yakakunjwa na mali ndani. Mandazi yakamwagika. Mwenye mitumba akavaa suruali tatu kwa mpigo, na boda zikaondoka na abiria ambao hawakuitwa. Nikapiga kelele, "Ni michezo, jamani! Amani!" Nani aamini? Kila mwenye kirungu huanza kwa kutangaza amani.

Mkimbiaji wetu wa nne ni mtu wa boda, na habari za leseni yake tuziache. Alitakiwa aanze kukimbia ndani ya eneo la mita 30, anyooshe mkono nyuma, apokee. Akageuka, akakiona kirungu. Miguu ikaamua bila kumshauri.

"Pokea!"

"Sina kosa, afande!"

Akawapita wote waliotutangulia, akawa wa kwanza kuvuka mstari, mikono mitupu, akaendelea kuelekea daraja la Nile.

Tukaondolewa mashindanoni. Kocha hata tangazo hakulisikia, alikuwa anaikodolea macho saa yake.

"Mwakani huyu ndiye anayeanza, kijiti mkononi," akaniambia. "Wewe mfuate nyuma na kirungu."