Mbona kazi za wasanii hawa hazikutajwa?
Mhariri, makala yenu kuhusu picha zilizopigwa za wasanii wenye ulemavu imeeleza vizuri mwanga na mandhari ya picha hizo, lakini maelezo chini ya kila picha yanataja aina ya ulemavu tu. Yule mfinyanzi kwenye kiti cha magurudumu, udongo umemganda hadi kwenye viwiko, halafu chungu chake kimekatwa nusu ukingoni mwa picha! Limeniuma kweli.

Angalieni pia kamera iliposhikwa. Mpiga picha akisimama, aliyekaa kwenye kiti huonekana kama anaombewa msaada. Akichuchumaa wakatazamana ana kwa ana, picha inabadilika kabisa. Rick Guidotti, aliyekuwa mpiga picha wa mitindo, mwaka 1998 alichapisha katika jarida la Life picha za watu wenye ualbino wakionekana kwa uzuri wao, si kama wagonjwa wa kwenye vitabu vya tiba. Naye Evgen Bavčar, aliyepoteza uwezo wa kuona utotoni, ni mpiga picha mwenyewe.

Mhariri, safari ijayo tunaomba wahusika waulizwe ni picha ipi itumike, na majina ya kazi zao yaandikwe kwanza.