Mwaka 1791: Saint-Domingue haikungoja Paris

Mwaka 1791 Mfalme Louis XVI alikamatwa Varennes akijaribu kutoroka, Ufaransa ikapata katiba yake ya kwanza ya kuandikwa, na Desemba Marekani ikakamilisha kuidhinisha marekebisho kumi ya kulinda haki za raia. Katikati ya hayo, usiku wa Agosti 22, watumwa wa uwanda wa kaskazini wa Saint-Domingue, koloni la Ufaransa ambalo leo ni Haiti, waliinuka na kuchoma mashamba ya miwa. Masimulizi mengi huliweka tukio hili mwisho, kama cheche iliyoruka kutoka Paris.

Wanaosema hivyo wana hoja. Habari za Azimio la Haki za Binadamu la Ufaransa la 1789 zilifika bandari ya Le Cap na meli. Walowezi walikuwa wamegawanyika, na machotara huru walidai haki sawa; kiongozi wao, Vincent Ogé, aliuawa hadharani kwa kuvunjwa viungo mwezi Februari. Bila mpasuko huo huenda uasi ungezimwa mapema, kama ulivyozimwa kwingine. Tena kuna jambo gumu zaidi: Desemba, makamanda wa waasi Jean-François na Biassou walikuwa tayari kuwarudisha wafuasi wao mashambani ili mradi viongozi wachache wapewe uhuru. Walowezi ndio waliokataa. Kwa hiyo uhuru wa wote haukuwa lengo la kila mmoja tangu siku ya kwanza.

Ila ugomvi wa mabwana unaeleza tu nafasi ilivyopatikana. Waliojiandaa kuitumia walikuwa na sababu zao, na sababu hizo zimo kwenye hesabu. Katika karne hiyo meli zilishusha Saint-Domingue Waafrika zaidi ya 600,000. Mwaka 1791 watumwa waliokuwa hai, pamoja na watoto waliozaliwa hukohuko, walikadiriwa kufika 500,000 hivi. Kizazi baada ya kizazi kilizaa, na bado waliobaki hawakufikia hata idadi ya walioshushwa. Mwenye shamba aliona nafuu kununua mtu mpya kuliko kumtunza aliye naye. Msimu wa mavuno vinu vilisaga miwa usiku na mchana. Mkono wa mtu aliyesinzia ukinaswa, ulikatwa kwa panga lililowekwa karibu kwa kazi hiyo. Pengo lilizibwa na wageni: miaka ya mwisho waliletwa zaidi ya 30,000 kwa mwaka, baadhi yao kutoka Msumbiji. Ndiyo maana watumwa wengi walikuwa wazaliwa wa Afrika, na wengi wa kaskazini walitoka Kongo, ambako vita vya wenyewe kwa wenyewe viliuza hata askari. Watu hao walikuwa wameujua uhuru kabla ya kuijua Ufaransa.

Wala hawakukurupuka. Agosti 14 wajumbe wa mashamba mengi walikutana Morne-Rouge, wengi wao wanyapara na waendesha magari ya farasi, watu walioaminiwa na mabwana na kuruhusiwa kutembea. Siku nane tu baadaye moto ukawaka. Walivunja vinu na masufuria makubwa ya kuchemshia maji ya miwa, yaani vyombo vilivyokuwa vikiwamaliza. Mamia ya wazungu waliuawa, wakiwemo wasiowahi kushika mjeledi, na hilo halifichiki. Boukman, kiongozi wa mwanzo, aliuawa Novemba na kichwa chake kikatundikwa Le Cap. Uasi haukusimama.

Paris nayo ilikuwa ikifanya nini? Katiba yake ya Septemba ilitamka kwamba makoloni hayamo ndani yake. Utumwa ulitangazwa kufutwa kaskazini mwa Saint-Domingue Agosti 1793, na kamishna wa Ufaransa, Sonthonax, aliyekuwa amebanwa na vita na kuhitaji waasi wawe upande wake. Bunge la Paris lilifuata Februari 1794, baada ya wajumbe kutoka Saint-Domingue kuwasili.